Vifungo vya Bosi

Nyumbani, 9 Oktoba

Shikamoo Bi Mpira,

Natumaini hujambo huko ulikohamishiwa, na kwamba ule mpira wako mkubwa wa buluu ulifika salama bila kutobolewa na mizigo ya watu. Mimi ni dada yake Bosi. Nadhani unanikumbuka kama yule msichana aliyekuwa anakaa mlangoni anatafuna kucha wakati wewe unambiringisha mdogo wangu mkekani. Kwa miezi yote uliyokuja kwetu nilikwambia maneno matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa "karibu chai."

Samahani kwa kuandika. Namba yako ya simu tunayo, lakini kwenye simu mimi hunyamaza mpaka mtu anadhani mtandao umekatika. Shuleni tunasoma kwa lugha ile nyingine, na humo mimi ni bubu kabisa. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila linakwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Kwa Kiswahili, na kalamu mkononi, ndipo ninapogeuka mpayukaji. Utanivumilia. Dereva wa gari la dawa la hospitali amekubali kubeba barua zetu, kwa sharti kwamba nisimpe kitu cha kumwagika.

Jambo lenyewe ni hili. Mama alikwenda kumwandikisha Bosi darasa la kwanza. Yule mwalimu si mkali, na ndiyo maana tumekosa hata mtu wa kumkasirikia. Alisema, "Mama, nina watoto darasa zima na mikono miwili. Akija hapa ajue kwenda chooni mwenyewe, na siku ya michezo avue shati, avae la michezo, kisha avae tena lake. Kuongea ataongea akipenda. Lakini kumvalisha siwezi." Majaribio ni mwanzoni mwa Desemba. Asipoweza, basi, kwa sababu akisubiri mwaka mwingine atakuwa amevuka umri wa kupokelewa darasa hilo, na baada ya hapo hatujui ni shule gani itamtaka.

Chooni hatuna wasiwasi, hiyo kazi uliimaliza wewe. Wasiwasi ni vifungo. Unakumbuka nguo zake: suruali za lastiki, fulana zenye shingo pana. Baba ni fundi cherehani, anashonea watu vifungo kutwa nzima, na kwenye kabati la mwanawe hakuna hata kimoja. Mama humtania, "Mji mzima umeuvika mashati, wako umemvika foronya." Baba hacheki. Zamani, kabla hujaanza kuja, aliwahi kumkalisha Bosi na shati. Vidole vikateleza na kuteleza, Bosi akaling'ata shati, akajigonga kichwa kwenye mguu wa cherehani. Siku ile nilimsikia baba akimwambia mama, "Mikono yake haikuumbiwa vifungo. Si kosa lake." Aliyasema kwa upole sana, na huo upole ndio ulioniuma.

Nataka kumfundisha mimi, kwa siri. Nataka siku ya majaribio baba asimame pale, aone kwa macho yake. Nifundishe namna ya kufundisha. Tafadhali usiwaambie.

Mdogo wako,
Dada wa Bosi

Nyongeza: Bosi bado anaita kila kitu cha mviringo "Pira", na hilo unalijua kwa sababu ndivyo ulivyopata jina. Juzi alimwita hivyo mteja mmoja wa baba mwenye kipara. Alimwita huku akimpapasa.


Hospitalini, 21 Oktoba

Mpendwa Dada wa Bosi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, na nilipofika kwenye kipara nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Kwanza nikusahihishe: pale mlangoni hukukaa bure, uliona kila kitu. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi.

Watu wakisikia "tiba kwa vitendo" wanadhani nakunja na kukunjua mikono ya watoto. Hata mama yako siku ya kwanza aliniuliza kama kweli nalipwa mshahara kwa kucheza. Nalipwa, tena hunitosha kwa shida! Lakini kwa mtoto, kula, kuvaa, kucheza na kushika kalamu ndiyo kazi yake ya kila siku. Mimi namwangalia mtoto, naiangalia kazi, nakiangalia na chumba, halafu nauliza kati ya hivyo vitatu kipi kinaweza kusogea. Wakati mwingine mtoto habadiliki hata kidogo, tunabadilisha kijiko.

Sasa Bosi. Usianze na vidole, anza na mwili. Mwili wake haumwelezi vizuri uko wapi, ndiyo maana hujibana kati ya ukuta na kabati, anatafuta kuusikia. Kabla ya vifungo mpe kazi nzito. Abebe majora ya vitambaa, asukume kapu la vipande. Akianza kuhema kidogo, mkalishe. Mpe vibanio vya nguo avibane kwenye ukingo wa ndoo. Kisha leta kifungo, kikubwa, chenye tundu pana, kiwe mezani mbele yake na siyo kifuani.

Na hapa nisikilize vizuri: anzia mwisho. Wewe ingiza kifungo kwenye tundu mpaka nusu itokeze upande wa pili. Yeye avute tu. Akivuta, amefunga yeye. Usiseme "tumefunga." Sema "umefunga." Akizoea, wewe ingiza kidogo zaidi ya robo, kisha robo, na hivyo hivyo unarudi nyuma mpaka mkono wako hauhitajiki. Wengi huanzia mwanzo, mtoto anashindwa hapo hapo mwanzoni, na mwisho hauonji hata siku moja. Acheni akiwa bado anataka.

Akipiga kelele usiulize "ana nini?" Uliza "kuna nini?" Huenda ni mwanga, au sauti, au lebo inayomkwaruza shingo.

Kitu kimoja sikipendi. Una fundi ndani ya nyumba, na unaniuliza mimi habari za vifungo? Mwambie baba yako. Lakini nyumba ni yenu.

Wako,
Bi Mpira (jina nimelikubali)


Nyumbani, 6 Novemba

Shikamoo Bi Mpira,

Amefunga! Niliahidi moyoni nisianze na hilo, nianze na salamu ndefu kama mtu mwenye adabu, nimeshindwa.

Tunatumia koti la mteja mmoja aliyehama mji bila kulichukua. Vifungo vyake ni vikubwa kama biskuti. Baba akitoka kupeleka nguo za watu, Bosi anabeba jora kutoka mlangoni hadi kwenye rafu, analirudisha, analibeba tena, halafu tunakwenda nyuma ya nyumba kwenye karo la kufulia. Mwanzo alikuwa anavuta tu kama ulivyosema. Nikimwambia "umefunga," ananitazama kana kwamba nimemtania. Siku moja akajibu, "Mefunga." Sasa kila kitu amekifunga yeye. Mlango mefunga, sufuria mefunga, mdomo wa mama alipokuwa anamsema, akauziba kwa kiganja, "Mefunga." Mama akabaki ananiangalia mimi.

Tumehama kutoka biskuti hadi vifungo vya shati langu la shule. Siku moja alilirusha lile koti karoni na kuanza kulia, nami nilikaribia kupandisha sauti, nikakumbuka kuuliza kuna nini. Jirani alikuwa anachomelea geti. Tukahamia ndani, tukafunga dirisha, tukaendelea.

Baba sijamwambia. Najua, Bi Mpira, najua. Lakini nimeshamwona akilini akiona, na siwezi tena kuiacha picha ile. Halafu kuna jambo lingine. Juzi niliingia ghafla, nikaona chini ya cherehani kitambaa cheupe cha sare ya ile shule. Baba akatupia gauni la mteja juu yake, akaniuliza, "Unatafuta nini?" Hajawahi kuniuliza hivyo katika chumba kile. Nadhani anashona sare ya mtoto wa mtu na hataki tuione. Au ameshaamua Bosi asiende. Nikimuuliza mama habari za sare, anasema muulize baba yako. Nikimuuliza baba, anasema, "Ipo." Basi.

Na jingine, baya kuliko yote: siku hiyo mama hatapata ruhusa, hoteli anakofulia ina wageni na mashuka ni mengi. Tutakwenda na baba, naye amesema mimi ndiye nitakayeongea na mwalimu, "kwa sababu wewe ndiye msomi." Mimi! Bora anitume kwa simba nikaazime mswaki.

Dada wa Bosi


Hospitalini, 13 Novemba

Mpendwa Dada wa Bosi,

Marahaba, na hongera. Mwambie Bosi nimepiga makofi, polepole ili nisimshtue.

Nina mambo matatu ya haraka, dereva ananipigia honi.

Kama sare ipo, avae nyumbani kabla ya siku yenyewe, na zaidi ya mara moja. Ifuliwe ilainike, lebo ikatwe. Bosi asikutane na shati jipya na chumba kipya asubuhi moja. Hili ni muhimu kuliko mazoezi yote.

Kuhusu baba yako, mtu huficha kitambaa kwa ubaya, na huficha kwa wema, na ukiwa mlangoni huwezi kuona tofauti. Muulize vizuri.

Kuhusu kuongea, wewe nawe anzia mwisho. Baba asalimie, baba aeleze. Wewe sema sentensi ya mwisho tu. Ichague leo.

Bi Mpira


Nyumbani, 4 Desemba

Shikamoo Bi Mpira,

Barua yako ya tarehe 13 nimeipata leo. Dereva anasema gari lilikuwa gereji, na barua ilikuwa ndani ya gari. Nimeisomea pale pale getini, kisha nikakaa kwenye ukingo wa barabara. "Asikutane na shati jipya na chumba kipya asubuhi moja." Majaribio yalikuwa jana.

Asubuhi baba alituamsha yeye, na shati lilikuwa begani mwake. Jeupe, limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe, na kifuani vifungo vinang'aa. Bi Mpira, machozi yalinilenga. Kumbe kitambaa kilikuwa chetu! Kumbe anamshonea Bosi shati la vifungo, maana yake anaamini. Alimvisha mwenyewe kwa kupitishia kichwani, likiwa limeshafungwa. Nikasema moyoni, ana haraka. Nikamkonyeza Bosi. Njia nzima nilitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu.

Darasani mlikuwa na watoto wengine wachache waliokuja kujaribiwa. Wazazi walisimama nje dirishani, mimi nikaruhusiwa kukaa naye kwa sababu ya hali yake. Mwalimu akasema, "Haya, wanamichezo, tuvue mashati." Bosi akanitazama. Kisha akapeleka vidole kwenye kifungo cha juu, vizuri kabisa, gumba na shahada kama tulivyozoea. Akatafuta tundu. Akatafuta tena. Akahamia kifungo cha chini yake. Akainamisha kichwa, akalichungulia shati lake mwenyewe kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kutoka dirishani baba akanong'ona, "Vuta, baba. Vuta tu!"

Bosi akavuta.

Kraaa!

Matundu hayakuwepo. Vifungo vilikuwa vimeshonewa juu kama mapambo, na chini yake baba alikuwa ameweka ule mkanda wa kunata, unaoachana kwa mlio wa gunia linalochanwa. Unamjua Bosi na milio. Aliziba masikio, akaingia chini ya meza ya mwalimu, na kelele zake zikaleta watu kutoka ofisini. Mtoto mmoja akasema, "Huyu hata kuvaa hajui," wenzake wakacheka.

Hapo nikaongea. Sikuanzia mwanzo wala mwisho, nilianzia popote. Nilisema, "Mwalimu, vifungo anavijua. Shati ndilo halijui!" Nililisema kwa lugha zote mbili, nadhani, kwa sababu nilichanganya, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kisha nikapiga magoti chini ya meza, nikamkandamiza mabega kwa viganja kama ulivyokuwa ukifanya wewe, bila neno. Tulikaa humo muda mrefu, miguu ya watu imetuzunguka. Kelele zikapungua zikawa kwikwi. Halafu akaushika mkono wangu, akakitafuta kifungo cha mkono wa shati langu, akakifungua. Kimoja tu. Akakifunga tena.

Mwalimu alikuwa ameinama anaona. Akasema, "Nimeona kimoja. Siwezi kumpa nafasi kwa kifungo kimoja, na baada ya kukiona siwezi kumnyima. Mleteni tena Januari, siku ya kugawa vitabu. Na mje na shati linalojua."

Tukashika njia ya nyumbani. Nilikuwa na hasira za kumwambia baba kwamba alitaka kudanganya watu. Halafu nikajiona na mimi, na koti langu la kufichwa karoni. Kila mtu alikuwa anamfichia mwenzake zawadi, na aliyeumia ni Bosi aliyekuwa katikati.

Tulipofika, baba akauliza, "Amejifunza wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Kwa lile koti la mteja aliyehama."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

Akakaa kwenye cherehani, akaweka miguu kwenye pedali, asishone kitu.

Dada wa Bosi


5 Desemba

Kwa Bi Mpira, mtaalamu wa mtoto wangu,

Salaam. Mimi ni fundi, baba yake Bosi. Si mtu wa kuandika. Binti yangu amesema niandike mwenyewe, na amekataa kunisahihishia.

Lile shati nililishona nikidhani namsitiri mtoto. Nilijua wenzake watamtazama kifuani kwanza. Nikasema, wakiona vifungo watanyamaza. Mlio sikuuwaza. Nilikuwa nao mkanda ule mkononi siku zote zile, naubana na kuubandua, lakini cherehani inanguruma, sikusikia.

Na hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba mtoto alitafuta tundu mahali hasa pa tundu, na fundi ndiye hakuliweka.

Mkanda nimeung'oa. Nimetoboa matundu na kuyazungushia uzi kwa mkono, mapana kidogo. Lakini Bosi akiliona shati hilo anakwenda kujibana nyuma ya kabati. Nimelifua kwa sabuni anayoipenda, bado. Mama yake anasema nishone jingine. Je, nishone jingine, au nimlazimishe avae hili azoee? Nakuuliza kwa heshima.

Fundi


Hospitalini, 12 Desemba

Ndugu Fundi,

Salaam, na asante kwa kuniandikia. Barua yako haikuhitaji kusahihishwa.

Usimlazimishe. Na usishone jingine kwanza, kwa sababu hilo jingine atalichungulia vile vile.

Lastiki za suruali ziache. Ni ufundi mzuri, maana chooni haraka ni haraka, na ningekuwa huko ningekuomba uwashonee watoto wangu wote. Tofauti yake na lile shati ni ndogo tu: lastiki inamsaidia Bosi, vifungo vile viliwasaidia wanaomtazama.

Litundike shati pale unapofanyia kazi, mahali anapofika mkono wake. Usimwonyeshe, usimsifie. Mpe majora abebe kama kawaida. Kisha kaa chini, usawa wake, usifanye kitu. Najua hilo ni gumu kwa watu wa kazi zetu, mikono hututekenya. Lakini wewe hujawahi kumwona akifunga kifungo, na yeye hajawahi kukuonyesha. Mwachie achague siku na njia.

Msalimie mama yao. Na huyo binti yako mpayukaji, mwambie nasubiri.

Bi Mpira


Nyumbani, 22 Desemba

Shikamoo Bi Mpira,

Nitakusimulia kama ilivyokuwa, usidhani nimetia chumvi.

Baba amehamia sakafuni. Kazi za mkono zote, pindo na vifungo, anazifanyia mkekani, na shati limetundikwa kwenye msumari juu yake. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku zilizofuata hakuna kitu. Mama akasema, "Mtaalamu amekwambia ukae chini, hakukwambia uote mizizi."

Jumamosi alikuja yule mteja wa kipara kupimwa suruali. Bosi alikuwa amebeba jora, akaliweka kwenye rafu, anahema. Akaja akasimama mbele ya baba aliyeketi, macho kwa macho. Akakishika kifungo cha juu cha shati la baba, akakifungua. Kisha cha chini yake, na kingine. Ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama kawaida yake. Akavimaliza vyote mpaka tumbo la baba likawa nje.

Mteja akasema, "Fundi, unavuliwa hadharani!"

Baba, bila kutikisika, akasema, "Niache. Napimwa."

Bosi akaanza kufunga. Alianzia chini, anapanda. Kimoja kilimponyoka, akakirudia, kikamponyoka, nami nikaona mikono ya baba inainuka yenyewe kutoka magotini, halafu akaikalia. Kweli, aliikalia mikono yake! Mwishoni shati lilikuwa limekwenda upande, kola moja iko sikioni, nyingine begani, na juu kimebaki kifungo kisicho na tundu. Bosi akarudi nyuma hatua moja kulitazama kama wanavyofanya mafundi.

"Mefunga," akasema.

"Umefunga," baba akamjibu. Na hakuna aliyekuwa amemfundisha baba aseme hivyo.

Alishinda na shati lile siku nzima. Alikwenda nalo kununua uzi. Wateja wakamcheka, fundi gani huyu hajui kuvaa, akasema tu, "Hili limefungwa na fundi mwingine." Mama aliporudi kazini akashtuka, "Umepigana na nani?" akanyoosha mkono amtengeneze. Baba akaruka kando, "Usiguse!" Ndipo akamweleza. Mama akakaa kwenye kapu la vipande, akacheka, kisha akawa hacheki tena, kisha akacheka.

Jana Bosi alilishusha lile shati jeupe mwenyewe. Hakulivaa. Aliingiza kidole kwenye kila tundu, kimoja kimoja, akageuza upande wa pili kuhakikisha kidole kimetokeza. Kisha akalirudisha kwenye msumari. Leo asubuhi amelivaa.

Tunakwenda na matundu ya kweli mara hii. Tuombee.

Dada wa Bosi


Nyumbani, 2 Februari

Shikamoo Bi Mpira,

Ile kadi fupi ya Januari niliyokuandikia, "Amepita," najua haikukutosha. Haya sasa nayamwaga yote.

Siku ya kugawa vitabu alifika akiwa ameshalivaa shati lile kwa wiki nzima, mpaka limelainika. Alivua, akavaa la michezo, akalirudia lake. Alichukua muda kiasi kwamba watoto wengine walishakwenda kucheza. Lilikwenda upande. Mwalimu akakitazama kifungo cha juu kilichobaki peke yake, akasema, "Hilo hata mimi hunitokea asubuhi," akaandika jina. Baba alikuwa dirishani, mikono nyuma.

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Kengele ya shule inamtesa, kwa hiyo mwalimu amekubali Bosi awe anabeba sanduku la madaftari kutoka ofisini kabla haijalia, lile wazo lako la kazi nzito. Nilimwomba mwenyewe. Kwa mdomo. Kalamu hataki kuishika vizuri, na kuna siku anarudi amechoka anajibana nyuma ya kabati mpaka chakula kipoe. Utatuandikia la kufanya kuhusu kalamu, nina hakika unalo.

Lakini nilichotaka kukusimulia ni cha wiki iliyopita. Tuliitwa shule, baba, mama na mimi. Karatasi ilisema tu "wazazi wafike." Mama aliomba ruhusa kazini, akavaa nguo yake ya kutokea. Baba hakula. Nilijua maneno yatakavyokuwa, tumeshayasikia mahali pengine: samahani, tumejaribu, mtoto wenu hawezi.

Mwalimu alitukaribisha, akavua miwani. Akasema, "Wazazi, nina malalamiko. Jana nimegeuka kuandika ubaoni. Kugeuka tena, benchi lote la mbele vifua wazi. Mtoto wenu amewafungua vifungo wote, na wao wamekaa kimya wanamshikia shati! Kumwambia awafunge, amewafunga, lakini wawili amewafunga pamoja. Mwambieni vifungo vya wenzake si kazi yake."

Mama alijitahidi kununa. Alijitahidi kweli, midomo ikawa inamcheza. Mimi nikasema, "Samahani, mwalimu. Na nyumbani ametuvua wote," na mwalimu akacheka, na aliyemchekesha ni mimi.

Hatukuwa tumewahi kuitwa mahali kwa ajili ya utundu wa Bosi. Tuliitwa kwa mengine tu.

Baba akasogeza kiti karibu na meza, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Samahani, mwalimu," akasema, "hapo sikusikia vizuri. Hebu rudia, amefanya nini?"

Mwalimu akarudia, tangu ubaoni. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

Dada wa Bosi